Zuia Yote Kutoka Nje

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye wingu, hutazama juu. Wifi yangu, mwanamke mwenye akili zake timamu, aliwahi kuniuliza siku za mvua inakuwaje. Nikamwambia, wifi, wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, iko mahali usipopajua, na wewe umekodi kichumba ndani yake. Hicho kichumba ndicho tunakiita mashine pepe. Pepe kwa sababu hakishikiki. Wezi lakini wanakishika vizuri tu, tena mchana kweupe, na ndiyo maana mimi nina kazi.

Ofisini wananiita Bawabu. Naandika kanuni za kila mashine: nani aingie, apite mlango gani, nani atoke, aende wapi. Kanuni zinapewa namba; yenye namba ndogo inasomwa kwanza, na ikishasema imesema, zilizo chini yake zitajijua. Kwa kifupi nakaa kitako kutwa nzima nikisema hapana. Nimeichoka kazi hii, sifichi. Lakini kama kuchoka kungekuwa sababu ya kuacha kazi, mji mzima usingebaki na duka hata moja lililo wazi.

Tuko vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Ukipanda ngazi unayapita yamesimamishwa ukutani, bado yamo ndani ya nailoni zake, na kila asubuhi nayatazama kwa jicho la husuda. Juu kuna meza tatu, birika la umeme, na dirisha lililogoma kufunguka tangu tuhamie. Meza moja yangu. Ya pili ya Spana, mtu mzima, baba wa mapacha, aliyepewa jina hilo kwa kuwa anaamini kila tatizo duniani lina nati yake. Ya tatu ni ya bosi wetu, Mkubwa, ambaye haikalii kwa sababu hakosi semina.

Biashara yetu ni vitufe. Mzee au mgonjwa anayeishi peke yake anavaa shingoni kitufe kilichofungwa kwenye kamba. Akianguka, akibanwa na kifua, anabonyeza. Alama inakwenda kwenye mashine yetu kule winguni, mashine inatuma meseji kwa ndugu zake, na kwenye kitufe kinawaka kijitaa cha kijani. Kijani maana yake tumekusikia. Hivyo ndivyo tunavyowaambia wateja, na hivyo ndivyo nilivyomwambia baba yangu siku nilipomvalisha.

Baba ni fundi cherehani mstaafu. Mama alitangulia, naye akabaki kwenye nyumba yake ile ya vyumba viwili na jiko la nyuma, na akaapa hatoki mpaka atolewe amebebwa. Mdogo wangu wa kiume, fundi wa mafriji, anataka akakae kwake. Mabishano ya hilo jambo yametuzeesha wote. Mdogo wangu anasema, "Dada, mzee ataanguka tumkute amekauka." Mzee anasema, "Mimi si friji, siharibiki nikiwekwa peke yangu." Mwishowe tukapatana, mimi nikiwa wakili wa mzee: maadamu kitufe kinafanya kazi na maadamu kuna mtu anayekuja kikibonyezwa, mzee abaki kwake. Siku kitakapobonyezwa asije mtu, au siku atakapoanguka kweli, anahama na hakuna rufaa. Wote wawili walikubali, wakapeana mikono, na mimi nikapumua.

Sikupumua sana. Jamani, mzee alikifanya kile kitufe kengele ya nyumba! Alibonyeza kuniarifu kwamba maji yamerudi. Alibonyeza kuuliza koleo iko wapi. Mdogo wangu, ambaye karakana yake iko mtaa wa pili kutoka kwa mzee, naye anaitikia anapoweza, lakini nusu ya siku yuko kwenye majumba ya watu amejikunja nyuma ya friji. Basi nabaki mimi, ng'ambo ya mji. Na mzee akianza kubonyeza haachi. Anabonyeza mpaka amwone mtu mlangoni, ndipo anasema, "Aa, umefika!" utadhani nilikuwa napita njia.

Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, alibonyeza mfululizo, nikaacha kazi, nikakodi gari, nikafika moyo uko mdomoni. Nikamkuta amekaa na shati mapajani. Uzi umekataa kuingia kwenye sindano. Macho yamempungua, na fundi aliyeshona harusi za mtaa mzima alikuwa anashindwa na tundu la sindano. Ningekuwa mtu mwema ningelia palepale. Mimi nilifoka. Nikamwambia, "Baba, kitufe hiki si cha sindano. Nimeacha watu ofisini. Nimechoka, Baba. Nimechoka!" Nikamtungia uzi, nikakata fundo kwa meno, nikampa. Akasema, "Haya, mama. Asante." Ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mamake.

Sasa siku yenyewe.

Wiki hiyo mashine yetu ilikuwa inabishiwa hodi na watu tusiowajua. Ndivyo dunia ilivyo: ukiweka kompyuta kwenye mtandao, watu wa mbali ambao hujawakosea kitu wanakuja kujaribu nywila zao mlangoni kwako, moja baada ya nyingine, usiku na mchana. Kila jaribio la namna hiyo mashine inatutumia onyo, na simu zetu zilikuwa zinalia kama mabanda ya kuku. Mkubwa, akiwa huko semina, akaona jina lake litaharibika. Asubuhi akamwandikia Spana, kwa sababu mimi nilikwisha kumwambia jana yake kwamba asiniongezee hata punje. Aliandika sentensi moja tu: "Zuia yote kutoka nje, isipokuwa vitufe."

Mimi nilikuwa nasuuza kikombe. Nikamsikia Spana akiisoma kwa sauti, mara mbili, taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Zuia yote kutoka nje, isipokuwa vitufe. Nikasema moyoni, vizuri, hatimaye. Ikanipita masikioni kama ilivyoingia.

Ni lazima nieleze hapa, vumilia kidogo. Ukiandika kanuni, kitu cha kwanza unachoulizwa ni upande: je, hii ni kanuni ya wanaoingia au ya wanaotoka? Zamani mtambo wetu wa kuandikia kanuni ulikuwa kwa lugha ya kigeni. Mwaka huu waliotuuzia wameufasiri, na Mkubwa alifurahi, akasema sasa tunafanya kazi kwa lugha yetu. Kwa hiyo kwenye kisanduku cha upande kuna maneno mawili: Kuingia, na Kutoka. Spana ana sentensi mkononi inayosema zuia yote kutoka nje. Akatazama kisanduku. Akachagua Kutoka. Chini yake akajaza wapi: nje, kote. Kisha akaongeza kijikanuni cha kuruhusu vitufe, kama alivyoagizwa, akakipa namba ndogo ili kisomwe kwanza. Kazi safi, haina hata kosa la herufi. Mkubwa akaithibitisha kwa kidole gumba akiwa kwenye foleni ya chai.

Basi badala ya kuwazuia watu wa nje wasiingie, tukaizuia mashine yetu isitoke.

Na kukawa kimya. Loo, kimya kitamu! Simu hazilii, maonyo hakuna. Spana akajinyoosha kwenye kiti akasema, "Unaona, Bawabu? Nati moja tu." Wezi walikuwa bado wanabisha hodi vilevile, ila hata onyo la kutuambia kwamba kuna wezi lilikuwa haliwezi kutoka. Sisi tukaipitisha asubuhi yote kwa amani. Mimi nilimaliza kazi niliyokuwa naiahirisha, nikanywa chai ikiwa bado ya moto. Nikakumbuka kwamba mzee hajabonyeza. Nikasema, afadhali, leo baba yangu ameniacha nipumue. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, na Spana akacheka.

Mchana ikapigwa simu ya ofisini. Alikuwa msusi mmoja, mteja wetu, mama yake ana presha. Alikuwa amempitia mama yake, akamwambia hebu jaribu kitufe tuone.

"Amebonyeza," akasema, "taa ya kijani imewaka, nimeiona kwa macho yangu. Simu yangu iko hapa mkononi. Kimya. Sasa hiyo kijani mmemwambia nani?"

Nikamwambia subiri, dada, nakuja. Nikaingia kwenye mashine. Meseji zilikuwa zimerundikana ndani, zimeandikwa vizuri, zina majina, zina namba za ndugu, zote zinangoja kutoka na hazina pa kutokea. Bibi wa ghorofani. Yule mwalimu mwenye kifafa. Nikawa nashusha macho, na katikati yao nikaona neno nililoliandika mwenyewe siku namwandikisha, kwa sababu sikutaka kumwandika kama mteja: BABA.

Alikuwa amebonyeza asubuhi. Akabonyeza tena, na tena. Kisha akanyamaza.

Nikamwambia Spana kwa sauti ambayo sikuijua, "Meseji hazitoki. Tafuta ulichogusa." Yeye akirudi kwenye kanuni yake, mimi nikampigia mzee. Ikaita sana. Akapokea.

"Halo, mama."

"Baba! Uko salama?"

"Niko salama."

"Umebonyeza asubuhi."

"Aa, kilijibonyeza." Sauti yake ilikuwa ya chini, imekauka kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa. "Nilikuwa nimejilaza tu. Usiache kazi yako."

"Hujaanguka?"

"Nimekwambia niko salama, mama. Ila mdogo wako usimwambie. Unamjua maneno yake."

Nikamwambia sawa, Baba, simwambii. Nikakata simu, nikaegemea ukuta. Na Spana wakati huohuo akapiga meza kwa kiganja.

"Nimeiona," akasema. "Lakini si kosa langu, Bawabu, we mwenyewe isome! Zuia yote kutoka nje. Mimi nilipokuwa mdogo mama akisema marufuku kutoka nje, nilikuwa najua nikae ndani! Sasa huyu Mkubwa anataka kusema nini?"

"Anataka kusema wanaotoka nje wasiingie."

"Si angesema wasiingie!"

Hakuwa na kosa, maskini. Neno ni lilelile. Anayetoka nje kuja kwako anatoka nje, na anayeondoka kwako kwenda nje naye anatoka nje. Wote wawili wanatoka, na mtambo haujui kuuliza unakusudia nini. Na ile taa ya kijani ilikuwa inawaka kwa sababu mtu akibisha hodi ukamruhusu, kumwitikia hakuhesabiwi kutoka. Kitufe kilibisha, mashine ikaitikia "nimekusikia," basi. Baada ya hapo haikuweza kumwambia mtu yeyote.

Spana ana akili ya haraka linapofika jambo la kuficha. Aliona jina la mzee kwenye skrini na anayajua mapatano yetu, maana nimemchosha nayo miezi. "Tukifungua sasa hivi," akasema, "hizi zote zitatoka kwa mpigo. Mdogo wako atapata za mzee zote, na saa zake. Ataona alibonyeza asubuhi hakuja mtu. Umemsikia mwenyewe, mzee ni mzima. Zifute za kwake, halafu ndio tufungue. Nani atajua?"

Ningeweza. Zilikuwa pale, mstari chini ya mstari, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia. Na nilitaka, tena sana. Nilikuwa nimepigania nyumba ile miaka miwili, na mzee mwenyewe amesema yuko salama. Ningezifuta, angebaki kwake, na mimi ningemsemesha vizuri Jumapili.

Lakini nikaitazama tena ile mistari, na kuna kitu kikanikaa vibaya. Alibonyeza, akabonyeza, akaacha. Baba yangu haachi. Anayebonyeza kwa ajili ya koleo mpaka mtu avuke mji mzima, kwa nini leo aliacha? Kitufe kikijibonyeza chenyewe kinajibonyeza mara moja. Na sauti ile, nikaisikia tena kichwani, haikuwa sauti ya mtu aliyejilaza kitandani. Ilikuwa na mwangwi, kama ya mtu aliye karibu na sakafu ya saruji.

Nikampigia mdogo wangu. Mpaka leo nakumbuka jinsi simu ilivyokuwa nzito. Nilijua nikisema tu, nyumba ya mzee imekwenda, na aliyeitoa ni wakili wake.

"Uko karakana?"

"Niko. Kuna nini, dada?"

"Kimbia kwa mzee. Usiulize. Kimbia."

Hakuuliza. Nikaketi, nikaandika kanuni mpya, nikaipa namba ndogo kuliko zote ili isomwe kabla ya ile ya Spana: ruhusu kutoka. Spana akathibitisha. Palepale simu yangu ikaanza kulia, tena na tena, haimalizi mlio mmoja kabla ya mwingine. BABA amebonyeza. BABA amebonyeza. Mezani kwa Spana maonyo ya wezi nayo yakafumuka. Simu ya ofisi ikaita, ni msusi, anasema zimeingia, na wengine nyuma yake wanauliza mbona meseji ya asubuhi imefika sasa. Nikamwambia Spana awapigie wote mmojammoja, awaulize kama wazee wao wanaonekana kwa macho, si kwa simu. Nikateremka ngazi mbiombio, nikayapita magodoro bila kuyaona.

Mdogo wangu alinisimulia baadaye. Anasema alikuwa anausukuma mlango wa jikoni wakati simu yake ilipoanza. Mlango haufunguki wote, kuna kitu nyuma yake, na simu inalia mfukoni, inalia, akadhani ni mimi. Nyuma ya mlango ulikuwa mguu wa mzee. Alikuwa amelala ubavu sakafuni tangu asubuhi, maji ya sufuria yamemwagika yakamkaukia shatini, kitufe kifuani, na simu mkononi, bado iko mkononi, ile aliyonipokelea mimi.

Nilifika wakati mdogo wangu na majirani wanampandisha garini. Akaniona, akasema, "Aa, umefika."

Madaktari walisema nyonga ina ufa, haikuvunjika, itaunga kama atatulia. Wagonjwa wengine wa vitufe walikuwa salama, Spana aliwapata wote. Yule mwalimu mwenye kifafa alikuwa amebonyeza kwa jambo la mlango kukwama. Mkubwa alirudi kutoka semina, akaitisha kikao, akasema tujifunze kuandika maagizo kwa uangalifu.

Siku ya pili hospitalini nilimkuta mzee ameinuliwa mto, ananyolewa ndevu na mdogo wangu. Mdogo wangu alipotoka kumwaga maji, nikavuta kiti.

"Baba, simu ulikuwa nayo mfukoni."

"Nilikuwa nayo."

"Sasa kwa nini hukupiga? Na mimi nilipokupigia, kwa nini ulinidanganya?"

Akajipapasa kidevu kuona kama kimenyolewa sawa. Kisha akaniambia, bila kulaumu, na hilo ndilo lililonimaliza, "Niliona taa ya kijani. Nikabonyeza tena, ikawaka kijani. Nikasema, basi wameona. Hawakuja, wana kazi. Uliniambia juzijuzi umechoka, mama. Mtu akichoka amechoka. Sasa nipige simu niseme nini tena, na jibu nimeshalipata?"

"Baba, hatukuona! Haikutufikia!"

"Na wewe ulipopiga nikasema, huyu ananionea huruma. Nisimvute."

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza yote, mashine, kanuni, sentensi ya Mkubwa, Spana na kisanduku chake, kuingia na kutoka, namna taa inavyoweza kuwaka kijani na hakuna aliyesikia. Nilieleza kwa pupa, nikalia, nikarudia mwanzo. Nilimwambia ningejua ningekuja, ningekuja kwa miguu. Yeye alikuwa ananiangalia kwa adabu, anaitikia kwa kichwa kila nilipotua, kama mteja anayeelezwa mambo ya pindo na mishono, ambaye haelewi lakini hataki kumvunja moyo fundi.

"Kumbe," akasema nilipomaliza. Akanishika mkono, akaupigapiga. "Pole na kazi, mama."

Sijui kama aliniamini. Sitajua. Kwa sababu kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, na asubuhi ile nilikuwa nimefurahia kimya chake, na baba mtu anamjua mwanawe.

Siku ya kuruhusiwa, mdogo wangu alikuja amejiandaa kwa vita. Alikuwa na hoja zake kavu zimepangwa, nilimwona barabarani midomo inamcheza. Mimi nilikuwa na zangu pia: nitahamia kwa mzee mwenyewe, nitatafuta mtu wa kumwangalia, mapatano yavunjwe yafanywe upya, nikosane na mdogo wangu kama ni kukosana. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, magongo mapajani. Mdogo wangu akafungua mdomo.

"Twende kwako," mzee akasema.

"Baba, si lazima," nikasema mimi. "Unaweza kurudi nyumbani. Nitakaa na wewe."

"Hapana, mama. Wewe una kazi. Twende tu, msisumbuke."

Tukampeleka mpaka kwenye gari. Mdogo wangu akanivuta kando, karibu na lango, macho yamemjaa machozi, mtu mzima yule mwenye ndevu. "Dada," akaninong'oneza, "mwambie akatae. Akatae hata kidogo tu. Mimi sikutaka hivi." Nikamwambia nimeshamwambia. Nikamwambia sina tena la kumwambia.

Kwa mdogo wangu, wifi alikuwa amefagia, amefua mapazia, amewaonya watoto wasipige kelele. Mzee akaingia kwa magongo yake, taratibu, akasalimia kila mtu, akawapa pole kwa usumbufu. Sebule ilikuwa na viti vya kutosha, vyote vitupu, na wifi akamwambia karibu, baba, jisikie nyumbani. Akasimama katikati. Huyu aliyekuwa akifika kwa watu anavuta kiti mwenyewe na kuagiza chai kabla hajaulizwa habari, akasimama pale ameshika magongo, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akangoja. Sisi tukadhani anapumzika.

"Nikae wapi?" akauliza.